Nyumba Moja, Sertifika Mbili

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimepata njia! Miaka yote hii nimesimama nyuma ya kaunta ya kaka yangu Amjad nikiuza betri za magari, huku shahada yangu ya uchumi ikining'inia ukutani kando ya kalenda ya matairi. Basi. Mwisho. Kuanzia leo andika Basma mwingine.

Habari yenyewe ni hii. Kuna shule mbili mjini zinapokea watu wenye shahada kwa sertifika ya miezi michache. Moja iko hapa Rohero, juu ya duka la simu. Inafundisha mali isiyohamishika: kununua, kupangisha, kuvunja, kujenga upya. Nyingine iko Mutanga Sud, si mbali na kampasi. Inafundisha uhifadhi wa majengo ya kale. Mtu wa kawaida angechagua moja. Mimi naomba zote mbili! Mteja akitaka kuvunja, nipo. Akitaka kuhifadhi, nipo pia. Nani mwingine Bujumbura yupo pande zote mbili?

Kila shule inataka mwombaji alete jengo analolijua na aeleze atalifanya nini. Jengo ninalo. Nyumba ya marehemu babu, nyuma ya soko la kati lile lililoungua. Ina baraza yenye nguzo, ina ua katikati, na ndimo tunamoishi mimi na shangazi yetu Miza. Kiwanja kizuri cha kuvunja. Nguzo nzuri za kuhifadhi. Nyumba yenye vipaji!

Sijalala vizuri kwa furaha. Na bado ni mchana.

Jumatatu, 6 Oktoba

Barua mbili zimekwisha. Nimezisoma kwa sauti nikajipigia makofi.

Kwa Rohero nimeandika kwamba nyumba imechoka, kuta zina nyufa, kiwanja ni dhahabu, na hapo panafaa ghorofa yenye vioo kuanzia chini mpaka juu. Nimeongeza kwamba shangazi amekubali kwa moyo mkunjufu kuhamia fleti ya Mutanga Sud. Sentensi hiyo imeipa barua ubinadamu.

Kwa Mutanga Sud nimeandika kwamba nyumba ilijengwa mwaka 1902, wakati wa Wajerumani, na kwamba ukoo wetu uliapa kutoiuza hata jiwe moja. Mwaka 1902 nimeuchagua mwenyewe. Una sauti nzuri.

Kila barua ilihitaji mdhamini wa familia. Amjad nimemwambia kwamba nikipata sertifika nitamtafutia mnunuzi wa ile nyumba bila dalali, maana yeye amekuwa akitamani kuiuza tangu soko liungue na kibanda cha baba kiteketee humo. Akatia sahihi kabla sijamaliza sentensi. Shangazi nimemwambia kwamba nikipata sertifika nyumba itakuwa makumbusho, na picha yake itawekwa mlangoni. Akauliza kama ataruhusiwa bado kukaa uani na dera lake. Nikamhakikishia kwamba wageni watapenda sana kumwona hivyo. Akalikunjua dera lake magotini, kisha akatia sahihi bila kunitazama. Ni furaha, nadhani. Watu wazima hufurahia ndani kwa ndani.

Jumatano, 8 Oktoba

Wamejibu! Wote wawili! Nimepiga kelele dukani, mteja akaangusha betri.

Shule zote mbili zinataka kuiona nyumba kwa macho kabla ya kuamua. Madamu Elvire wa uhifadhi atakuja Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Bwana Zénon wa mali isiyohamishika atakuja Ijumaa, siku inayofuata. Siku mbili tofauti! Hata mimi mwenyewe nisingeweza kuzipanga vizuri hivi.

Amjad ameanza wivu. Anasema naye ana shahada, naye anaweza kuomba. Nikamwuliza atapeleka jengo gani, sanduku la betri? Akasema mimi nadhani maisha ni barua. Nikamwambia anavyoitamka "sertifika" inasikika kama jina la dawa ya minyoo. Tumemaliza siku bila kusemezana. Ushindi wangu, lakini mdogo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimempata fundi. Anaitwa Hamimu, mpaka rangi na mwashi, mtu mpole, asiyeuliza mengi. Leo aliuliza mengi. Alisema amezoea kufanya ukuta uwe mupya, hajawahi kulipwa kuuzeesha. Nikamweleza kwamba hii ni taaluma mpya kabisa, na yeye atakuwa wa kwanza nchini. Akasema, "Ntakibazo, dada Basma," yaani hakuna shida, akaenda kutafuta ngazi.

Mpango ni huu. Kwa ajili ya Madamu Elvire, ukuta wa mbele unapakwa chai nzito ili uonekane wa kale, na juu ya mlango unawekwa mwaka kwa simenti. Madamu akishaondoka, Hamimu anachora nyufa kwa makaa kwenye ukuta wa nyuma, ili Bwana Zénon azikute kesho yake. Nyumba moja, sura mbili. Nimejishika mkono nikajipongeza.

Hamimu ameandika 1092. Nimemwambia mwaka huo hata ziwa sijui kama lilikuwa limejaa. Akabandua, akaandika upya. Shangazi ametazama kutoka uani akauliza hiyo namba ni ya nini. Nikasema ni namba ya posta.

Jumapili, 12 Oktoba

Sisimizi!

Wamejaa ukuta mzima wa mbele, wanapanda na kushuka kwa mistari. Nimemwita Hamimu mbio. Kumbe alichemsha chai kama anavyoinywa kwake: sukari nyingi na iliki. Nikamwuliza kwa nini. Akasema sikumwambia iwe bila sukari.

Shangazi ameshinda na ufagio, anafagia sisimizi na kunusa ukuta. Kasema nyumba inamkumbusha harusi. Nimecheka naye. Alipogeuka nimeona amechoka mgongo, nikamnyang'anya ufagio. Nikafagia mpaka adhuhuri. Mtaalamu mtarajiwa wa sertifika mbili, na sisimizi ndani ya viatu.

Lakini ukuta una rangi nzuri! Wa kale kabisa!

Jumanne, 14 Oktoba

Mazoezi mbele ya kioo. Hotuba ya Madamu Elvire naijua. Hotuba ya Bwana Zénon naijua. Zikifuatana tu ndipo zinachanganyika. Asubuhi nimejisikia nikisema, "Tutaivunja kwa heshima zote inazostahili." Inabidi nizitenganishe kwa glasi ya maji.

Tatizo moja limebaki: shangazi. Ana tabia ya kujibu anachoulizwa. Nimempangia aende Alhamisi kumtembelea rafiki yake Patricia kule Ngagara, ambaye walishona pamoja zamani. Amefurahi mno. Amesema ni muda mrefu hakuna aliyemfikiria hivyo. Nimehisi kitu kidogo hapa kifuani. Labda ni sambusa za jana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Lazima niandike yote.

Shangazi aliondoka mapema na kikapu chake kwenda kusubiri basi. Saa nne kamili Madamu Elvire akafika. Mama mfupi, viatu vya kutembelea, utepe wa kupimia shingoni. Nikamwonyesha mwaka juu ya mlango. Akautazama sana. Akauliza kwa nini sisimizi wanaupenda ukuta huu. Nikasema wadudu wana hisia na vitu vya kale. Akaandika kitu. Sikuweza kusoma.

Lakini ndani mambo yalikuwa matamu! Alipapasa nguzo, akapima ua, akasema "Yoo!" mara nyingi. Kisha akazunguka nyuma kuona ukuta wa nje. Hapo simu ikalia.

Bwana Zénon. Amepata petroli! Alikuwa foleni ya kituo cha mafuta tangu juzi, sasa tangi limejaa, na anasema katika mji huu mwenye petroli leo anaitumia leo. Ya kesho atajua Mungu. Nikamwambia nyumba haijajiandaa. Akacheka, akasema nyumba si bibi harusi. Na nikasikia sauti yake mara mbili, kwenye simu na dirishani. Alikuwa anaegesha gari!

Nikamkimbilia barazani. Wazo langu: nimzuie mbele mpaka Madamu amalize nyuma. Nikaanza kumweleza kwa kunong'ona kwamba vyote hivi ni vya kuvunja. Akauliza kwa nini nanong'ona. Nikasema nyumba ni dhaifu, sauti kubwa ni hatari. Akaondoa mkono kwenye nguzo polepole.

Nilikuwa nashinda! Wallahi nilikuwa nashinda!

Sikumfikiria Hamimu. Alikuwa amepita barabarani, akaniona nimesimama na mwanamume na gari, akaamua mgeni wa kwanza ameshaenda na wa pili amewahi. Akaingia kwa kichochoro cha nyuma na makaa yake. Madamu Elvire alikuwa ameinama anapima msingi. Alipoinua kichwa akaona ufa ambao haukuwapo. Akautazama. Ufa ukaendelea kukua. Mwisho wake alikuwapo Hamimu, ulimi nje, anachora kwa uangalifu.

Madamu akamwuliza anafanya nini. Hamimu ni mtu mkweli, hiyo ndiyo kasoro yake. Akajibu, "Ni nyufa za mugeni wa pili, Madamu. Ntakibazo, zinatoka na maji."

Madamu akaja mbele kuniuliza mgeni wa pili ni nani. Mgeni wa pili akanyoosha mkono kumsalimu. Wanajuana! Wanaimba kwaya moja!

Nikafungua kinywa. Glasi ya maji haikuwapo. Nikasema tutaihifadhi mpaka iishe yote. Wakatazamana.

Na hapo, kana kwamba haijatosha, shangazi akatokea kona na kikapu chake. Hakuna basi la Ngagara, hakuna mafuta, amesimama mpaka miguu imevimba, akanunua sambusa akarudi. Bwana Zénon, kwa adabu zote, akampongeza kwa kukubali kuhamia fleti ya Mutanga Sud. Madamu Elvire akamkatiza: apana, familia hii imeapa kutouza hata jiwe. Na Amjad, aliyepigiwa simu na Bwana Zénon kama mdhamini, alikuwa ndiyo kwanza anavuka barabara kutoka dukani.

"Nani aliapa?" akauliza Amjad.

Shangazi akaweka kikapu chini. "Basma," akasema. "Mi nimekubali lini?"

Nikaanza kueleza. Nikasema nyumba ya mwaka 1902 inahitaji mtazamo mpana. Shangazi akainua macho kwenye mlango, akaiona namba ya posta.

"Mwaka gani? Nyumba hii imejengwa mi niko mutoto. Nilikuwa naletea mafundi maji mu ndoo. Baba alikuwa anatukemea tusikanyage simenti, na mi nikakanyaga."

Akaingia ndani, akavuta zulia nyuma ya mlango. Lile zulia nililiweka mwenyewe, kufunika kasoro ya sakafu. Kasoro ni unyayo mdogo wa mtoto, vidole vitano, kimoja kimekaa upande. Shangazi akavua ndala akaweka mguu wake pembeni. Kidole kilekile, kimekaa upande uleule.

Madamu Elvire akapiga magoti. Kwa ukuta wangu wa chai hakupiga magoti.

Walibaki mpaka mchana. Shangazi anasimulia, Madamu anaandika, Bwana Zénon anakula sambusa na kuuliza mvua inapita wapi. Amjad kasimama mlangoni. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikwenda nyuma kumsaidia Hamimu kufuta nyufa. Hazitoki na maji.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo asubuhi shangazi kanywa chai peke yake. Kikombe changu hakikuwekwa. Katika maisha yangu yote kikombe changu huwekwa, hata tukigombana.

Nilikuwa nimeandaa radhi yenye sehemu tatu. Nilipofika ya pili akainua mkono. Amjad alikuwa ameingia, naye akasimama palepale na funguo za duka.

"We, Amjad, unataka kuvunja," akasema shangazi. "We, Basma, unataka watu na kamera mu chumba changu cha kulala. Mi niko hapa kila siku. Niko na kinywa. Nani kati yenu ameniuliza?"

Akasema anataka mambo mawili tu. Paa linalovuja juu ya kitanda chake lizibwe kabla ya mvua kubwa, maana mwaka jana alilala na sufuria miguuni na hakutaka kutusumbua. Na tusimsemee, yeye bado anasema.

Nililia. Sikupanga. Sufuria miguuni, na mimi nalala chumba cha pili! Nilimshika miguu, akanipiga kofi dogo la kichwani, lile la zamani, kisha akaniuliza kama nimekula.

Amjad alivua viatu, akaomba ngazi kwa Hamimu, akapanda juu na shati lake la dukani. Mimi nikashika ngazi chini. Akaniomba misumari, nikampa. Akaniomba bati, nikampa. Hatujafanya kitu pamoja bila kuchokozana tangu kibanda cha baba kiungue. Aliponitupia nyundo bila kuangalia nilijua tumepatana.

Alasiri mvua ikanyesha ya nguvu. Tukakimbilia chumba cha shangazi, wote watatu, tukatazama dari. Kavu! Amjad akaruka, mimi nikapiga vigelegele, shangazi akasema tutamvunjia kitanda. Nje, chai yote ikashuka ukutani mpaka mtaroni. Mwaka 1902 umebaki. Ni wa simenti.

Jumatatu, 20 Oktoba

Majibu yamekuja.

Bwana Zénon: apana. Anasema nina nguvu nyingi, na anaziogopa.

Madamu Elvire: apana. Lakini anamwomba Bi Miza aende Mutanga Sud kuwaeleza wanafunzi jinsi nyumba za ua zilivyojengwa na zilivyokaliwa. Gari litamfuata mlangoni siku likipata petroli. Shangazi amejifanya kufikiria. Ameshatoa vitenge vyote kabatini vimejaa kitandani.

Sasa shikilia: Amjad amekubaliwa! Amjad wa betri! Jumamosi, bila kuniambia, alikwenda kwa Bwana Zénon akamwambia kwa maneno machache tu kwamba nyumba inabaki, vyumba viwili vya mbele vinaweza kupangishwa kuwa maduka, na mwenye kauli ni shangazi, ambaye tayari ameulizwa na amesema sawa, mradi asipangishwe muuza redio. Bwana Zénon akampa nafasi papo hapo. Sasa Amjad anasema "sertifika" kila baada ya sentensi moja. Bado inasikika kama dawa ya minyoo.

Familia nzima imeingia shule isipokuwa mimi niliyeanzisha safari! Nimegoma kula. Kisha shangazi akaleta ndagala za kukaanga, dagaa wa ziwani, na nikaona mgomo si njia ya watu wastaarabu.

Chini ya barua ya Madamu Elvire kulikuwa na maneno ya mkono. Anasema milango itafunguliwa tena Januari. Anasema nikimletea ukurasa mmoja kuhusu nyumba hii, ukurasa wa ukweli tu, atausoma kama vile hajawahi kuniona. Shangazi ameyasoma maneno hayo mara kadhaa. Amesema yule mama ana moyo, nisimwangushe. Nimemwapia.

Jumatano, 22 Oktoba

Ukweli! Kwa nini hakuna aliyeniambia mapema? Ni kitu cha ajabu! Hakihitaji sisimizi wala makaa!

Nimekaa uani asubuhi nzima nikauandika. Ukurasa mmoja. Unyayo, ndoo za maji, sufuria, paa. Nimeusoma nikalia tena. Nikaona kitu chenye nguvu namna hii ni hasara kukipeleka sehemu moja.

Kwa hiyo nimeandika wa pili, wa Bwana Zénon, maana Januari naye anafungua. Ni ukweli uleule, ila machozi yamepungua na maduka yameongezeka. Kisha nikasikia kuna shule Kigali inafundisha mambo yote mawili kwa mtandao, na inapendelea waombaji waliookoa jengo kwa mikono yao. Nikaandika wa tatu. Katika huo mimi niko juu ya paa na Amjad anashika ngazi. Tumebadilishana nafasi tu, paa ni lilelile.

Nimempa Hamimu azisome zote. Akauliza habari ipi ndiyo iliyotokea. Nikamwambia ukweli una pande, na yeye kama mwashi anapaswa kulijua hilo.

Kigali wanataka picha. Tunapiga kesho asubuhi. Nitakuwa juu, nimeshika nyundo, natazama mbali. Hamimu atakaa nyuma ya bomba la moshi na ndoo ya maji, animwagie taratibu. Mvua ya kweli siku hizi haitegemeki.